Mkono wa Baba Sayi

Kwingine, mtu anayetaka kukutengenezea kitu huanza kwa kukuuliza shida yako. Katika Skuli ya Usanifu ya Chuo Kikuu cha Nyanda walikuwa wameacha kuuliza. Walikuwa wanavaa.

Eliwaza Nkinda alikuwa amelala chali kwenye kitanda chembamba katikati ya karakana, Vazi limembana kuanzia kichwani mpaka vifundoni, na mkono wake wa kushoto ulikuwa unamuua kwa maumivu. Ulikuwa mzima, hauna hata mkwaruzo. Aliuona kwa macho yake pale pembeni ya godoro, vidole vimelegea. Lakini ndani ya mwili aliouazima, vidole hivyo vilikuwa vimekunjwa, vimebana kitu kwa nguvu zote, kucha zimezama kiganjani na misuli inawaka moto hadi begani.

"Ngapi?" aliuliza Tumsifu, mwanafunzi wa uuguzi, akiwa ameinama juu yake.

"Nane. Hapana, tisa. Ee Mungu wangu."

"Taja namba, acha kutaja Mungu," alisema Mkama bila kugeuka kutoka kwenye skrini yake. Mkama alikuwa mtu wa uhandisi, na mkono wa bandia uliokuwa juu ya meza mbele yake aliupenda kama watu wengine wanavyopenda pikipiki mpya. "Mungu haingii kwenye jedwali."

"Njoo uvae wewe basi, tuone kama hutamwita mama yako."

"Mama yangu yuko Ukerewe, hasikii."

Tumsifu alicheka. Eliwaza hakuweza.

Vazi lilikuwa kitambaa chepesi kama soksi, kilichofumwa kwa nyuzi za chuma nyembamba kuliko unywele. Mtu waliyemwita mtoaji alilivaa nyumbani kwake kwa siku kadhaa, akila, akilala, akibishana na majirani, nalo likanakili kila kilichopita mwilini mwake: joto, mapigo ya moyo, uzito wa mguu uliochoka, amri za ubongo zikishuka kwenye mishipa ya fahamu. Sauti zilinaswa kupitia mifupa ya fuvu, hafifu, kama redio ya jirani. Picha hazikuwemo. Kisha mwanafunzi naye alilivaa, akaishi mwili wa mwenzake, na hapo ndipo aliporuhusiwa kushika penseli. *Vaa kwanza, chora baadaye*, ndivyo ilivyoandikwa juu ya mlango wa karakana. Kila kikundi kilichanganya watu wa fani tofauti makusudi: wa mashine, wa dawa, wa udongo, wa maneno. Eliwaza alitoka Idara ya Fasihi. Mkama alipenda kumtambulisha kwa wageni kwamba ni "yule wa kutuandikia shairi mkono ukishakamilika."

Mtoaji wao alikuwa Fundi Lugembe, seremala wa mtaa wa Majengo. Mkono wake wa kushoto ulikatwa chini kidogo ya kiwiko siku ya mafuriko, daraja la waenda kwa miguu lilipoanguka kwenye Mto Manonga. Waokoaji walimkuta amebanwa kati ya vyuma viwili, nusu ya mwili ndani ya maji, na hawakuwa na njia nyingine ya kumtoa. Tangu hapo mkono ambao haupo ulikuwa ukimuuma usiku na mchana. Kikundi cha Eliwaza kilikuwa kinamtengenezea mwingine. Waliuita Mkono Mtii.

Tatizo lilikuwa moja. Mkono Mtii ulisikiliza amri za ubongo wa Lugembe na kuzitii, lakini kila walipomfungia, ulijikunja ngumi na kubaki hivyo. Kwa sababu ubongo wa fundi ulikuwa unatuma amri ileile moja, bila kukoma, kwa vidole vilivyokwisha kuzikwa. Shika. Shika. Shika.

"Kwa hiyo tunaifuta," alikuwa ameeleza Mkama juma lililopita, akichora kwenye ubao. "Kiunganishi kinatuma mawimbi ya kupingana na amri hiyo mpaka ubongo uisahau. Dakika chache tu. Ngumi inafunguka, maumivu yanakwisha, mkono unaanza kutii. Fundi anarudi kupiga randa. Sherehe."

"Na amri ikifutwa, inaweza kurudi?" aliuliza Tumsifu.

"Irudi ya nini? Wewe ukiondoa jino bovu unataka lirudi?"

Sasa, kitandani, Eliwaza alikaza meno akasubiri wimbi la maumivu lishuke. Ndani ya Vazi ilikuwa asubuhi. Alihisi jua kwenye upande mmoja wa uso, alihisi miguu ya mtu mzima ikitembea juu ya maranda laini ya mbao, na kisha, kwa mbali, sauti ya mwanamke ikapita, ikimsalimu kwa Kisukuma.

*Mwangaluka, Baba Sayi!*

Ngumi ilibana. Maumivu yalipanda mpaka kwenye taya. Na papo hapo, chini ya maumivu, moyo ulitulia. Ulipunguza mwendo kama mtoto aliyebembelezwa, pumzi ikawa ndefu, na mwili mzima wa Fundi Lugembe ukajaa kitu ambacho Eliwaza, pamoja na fasihi yake yote, hakukipatia jina mara moja.

"Rudisha nyuma," alisema.

"Kwani vipi?"

"Rudisha, Mkama. Pale aliposalimiwa."

Mkama alirudisha. *Mwangaluka, Baba Sayi!* Ngumi, moto, utulivu. Akamwomba atafute salamu nyingine. Jirani mwanamume: *Baba Sayi, misumari imefika?* Ngumi, moto, utulivu. Mteja aliyesema "fundi" alipita bila chochote. Mtu aliyesema "mzee Lugembe" alipita bila chochote.

"Sayi ni nani?" aliuliza Eliwaza.

Tumsifu na Mkama walitazamana. Walikuwa wamekaa na Lugembe mara nyingi sana kwenye kibanda chake. Walikunywa chai yake. Walimuuliza anavyovaa shati, anavyooga, anavyoshika msumari kwa meno. Na kila walipofika walisema kwa adabu, "Shikamoo fundi," naye akaitikia, "Marahaba wanangu." Hakuna aliyemuuliza ana watoto wangapi. Nani anamhesabia mtu mzima watoto wake? Hilo huulizwi nyumbani kwenu wala huliulizi ugenini. Walikuwa wamelelewa vizuri mno, wote watatu.

Eliwaza alifumba macho, akaacha kupigana na maumivu. Aliyafuata ndani, kama mtu anayepapasa mfuko wenye giza. Vidole vilikuwa vimekunjwa, lakini havikufika kwenye kiganja kote. Kulikuwa na kitu katikati. Kilikuwa kidogo, cha moto, chenye jasho. Kilikuwa na vidole vyake chenyewe.

Alipiga kelele. Tumsifu alichomoa waya.

*

"Ameweka sahihi," alisema Mkama. Walikuwa nje, kwenye ngazi za karakana, na Eliwaza alikuwa bado anausugua mkono wake wa kushoto kana kwamba kuna baridi. "Ametwambia kwa mdomo wake: niondoleeni haya maumivu. Mkewe amesema. Wote wamesema."

"Wameomba tuondoe maumivu. Hakuna aliyewaambia yamebeba nini."

"Yeye anajua alichoshika. Ni mkono wake."

"Anajua alichoshika, ila hajui kwamba sisi tutamfanya aachie!" Eliwaza aligeuka. "Ulimwambia nini kuhusu kufuta? Nikumbushe maneno yako."

"Kwamba ubongo utajifunza upya."

"Ubongo utajifunza upya. Maneno matamu hayo. Halafu mnasema mimi ndiye mshairi."

"Basi nenda kamwambie," alisema Mkama kwa hasira, "na ukimaliza, mwambie pia kwamba hatapata mkono, kwa sababu bila kufuta ule utabaki ngumi mpaka kiama. Mwambie ataendelea kufungwa vifungo na mkewe. Hilo nalo liseme kishairi."

Eliwaza hakwenda kwa fundi. Alikwenda kwa Dokta Nyamizi Kalunde, mwanamke aliyeanzisha skuli ile, na aliyetunga Kiapo. Kila mvaaji alikula kiapo hicho kabla ya kuguswa na Vazi: nilichohisi katika mwili wa mwenzangu sitamwambia mwenzangu, wala jamaa yake, wala mtu mwingine nje ya kikundi.

Dokta alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Alikuwa mwembamba, mwenye mvi zilizokatwa karibu na kichwa, na ofisini kwake hapakuwa na pambo lolote ila jiko dogo la udongo juu ya kabati la vitabu.

"Unaliona lile jiko?" aliuliza.

"Naliona, Dokta."

"Kundi la kwanza kabisa. Mama mmoja alitupatia mwili wake tumsanifie jiko lisilomtesa macho. Mwanafunzi wangu, binti mwerevu kama wewe, alivaa, akahisi moyo wa yule mama unakwenda mbio kila mara jirani fulani wa kiume alipopiga hodi. Akasema, mama huyu anaishi kwa hofu, lazima asaidiwe. Akamfuata nyumbani, akamuuliza mbele ya mumewe." Dokta alivua miwani. "Haikuwa hofu, Eliwaza."

"Yule mama hana ndoa leo, wala hawaoni watoto wake. Jiko lilitoka zuri sana. Hana pa kuliweka. Ndiyo maana kuna Kiapo. Mwili unasema kweli, lakini hausemi inahusu nini. Wewe una hakika gani kwamba kile ni mkono wa mtoto? Una hakika gani kwamba ule ni utulivu, si kukata tamaa? Vyote viwili hupunguza mapigo."

"Sina hakika, Dokta."

"Basi."

"Ndiyo maana nataka kumuuliza."

"Ukimuuliza umemwambia. Mtu akishajua kwamba umeingia mpaka mle ndani, hawezi tena kujua jibu lake ni lake au ni la aibu. Huyo mtu ametamka anachotaka akiwa na akili timamu. Mheshimu. Uzinduzi wa Mkono Mtii ni Ijumaa, na mpaka jukwaani sitaki mvaaji aonane na mtoaji. Umenielewa, mwanangu?"

Alielewa. Hilo ndilo lililomnyima usingizi: kila alichoambiwa kilikuwa na maana.

*

Ijumaa ukumbi ulifurika. Wafadhili walikaa mbele na chupa zao za maji, Makamu Mkuu wa Chuo katikati yao, na pembeni, kwenye kiti alichopewa kwa heshima, alikaa mke wa fundi, mwanamke mrefu mwenye kitenge kipya na randa ya mbao mapajani. Aliileta kutoka nyumbani. Alitaka mumewe, mkono ukishafunguka, apige ubao mmoja mbele za watu.

Fundi Lugembe alikuwa jukwaani, shati limekunjwa mpaka juu ya kigutu, na Mkono Mtii umefungwa chini yake, mweusi, unang'aa, vidole vimelegea maana haujawashwa. Mkama alikuwa kwenye mashine. Tumsifu alishika kifundo cha mkono mzima wa fundi akihesabu mapigo. Kazi ya Eliwaza ilikuwa rahisi kuliko zote. Yeye, mtu wa maneno, alikuwa na swali moja la kusoma kwa kipaza sauti, na mtoaji akijibu ndiyo, Mkama abonyeze.

*Fundi Lugembe, uko tayari?*

Alikuwa amelirudia bafuni asubuhi ile mbele ya kioo. Alikuwa ameamua kulisoma. Hilo inafaa lisemwe: alipanda jukwaani akiwa ameamua kulisoma.

"Washa," Mkama alijiambia chini chini, na taa ya kijani ikawaka kwenye kiwiko cha Mkono Mtii.

Eliwaza alipokea kipaza sauti. Fundi alimtabasamia, kama baba anayemtia moyo mtoto wa mtu kwenye mahafali. Na kwenye kiganja cha Eliwaza, pale alipokuwa ameshika kipaza sauti, jasho la mtu mwingine lilirudi.

"Baba Sayi," alisema.

Mkono Mtii ulifunga ngumi. Ulifunga kwa kishindo, chuma kwa chuma, na ukumbi mzima ukasikia. Mfadhili mmoja alicheka akidhani ni sehemu ya onyesho. Fundi hakucheka. Alikuwa anaitazama ile ngumi nyeusi kana kwamba imetamka jambo.

"Eliwaza," Dokta Nyamizi alisema kutoka mstari wa mbele, kwa sauti ya chini.

"Baba Sayi, nilivaa mwili wako," alisema Eliwaza. Alikuwa ameshusha kipaza sauti, lakini pale palikuwa kimya kiasi kwamba hakikuhitajika. "Nisamehe kwa kuingia, ingawa hilo uliniruhusu. Lakini kuna jambo hatukukwambia. Hii ngumi haifunguki mpaka tufute amri inayoikunja. Tukiifuta, maumivu yanakwisha. Na chochote ulichoshika, unakiachia. Sijui umeshika nini. Nadhani najua, ila sijui. Wewe ndiye unayejua."

Jasho lilimtoka Fundi Lugembe kwenye paji la uso. Kisha akageuza kichwa, si kwa Eliwaza, bali kwa Mkama.

"Kijana. Mkifuta, inarudi?"

Mkama angeweza kusema ubongo utajifunza upya.

"Hairudi, mzee."

"Hata kidogo? Hata mara moja moja?"

"Hairudi."

Fundi aliinamisha kichwa. Tumsifu alikuwa bado ameshika kifundo chake, macho yamemtoka.

"Basi nivueni," alisema.

Mke wake alisimama. Randa ilianguka sakafuni. "Baba Sayi!" alisema, na jukwaani ule mkono mweusi ukabana tena, ukabana mpaka kitu kikavunjika ndani yake, na taa ya kijani ikazimika.

*

Kamati ya Nidhamu ilikutana kwenye chumba cha mikutano chenye kiyoyozi kilichowekwa baridi kuliko inavyohitajika. Walikuwa watatu, Dokta Nyamizi katikati. Mkama alikuwa ametoa maelezo yake kwanza, bila kumtazama Eliwaza, akasema kwamba Mkono Mtii umekaa kabatini umekatika uti wa kidole, na kwamba yeye, kama ingemhusu yeye peke yake, angebonyeza. Tumsifu alisema mapigo ya fundi hayakubadilika hata alipokataa. Hakuna aliyemuuliza hilo lina maana gani.

Kisha wakamwingiza Mama Sayi.

"Shikamoo mama," alisema Eliwaza akisimama.

Hakuitikia. Alikaa, akaweka mkoba mapajani, akaanza kusema akiwatazama wanakamati, kama vile Eliwaza ni samani.

"Mume wangu amekataa kuja. Amesema hana kesi na mtu. Mimi ninayo." Sauti yake haikupanda. "Asubuhi namfunga vifungo. Mchana nakwenda kibandani kumshikia ubao, maana wasaidizi wamemkimbia, hakuna kazi. Usiku anaumwa mkono ambao haupo, na mimi namkanda hewa. Mnajua kukanda hewa? Napapasa shuka pale mkono ulipopaswa kuwa, naye ananiambia, hapo, hapo. Nilikuja hapa nikiwa na randa. Niliwaambia majirani wote. Huyu msichana amenipokonya mkono wa mume wangu mbele za watu."

"Mama, chuo kinasikitika," alisema mjumbe wa kushoto.

"Sijamaliza. Tulipofika nyumbani ndipo akaniambia. Kwamba kamshika Sayi, aliyekwenda na maji siku ile ya daraja. Kwamba miaka yote hii amemshika." Hapo sauti ikapasuka, akasubiri mpaka ikarudi. "Alinificha. Mimi nilidhani anaumwa, kumbe ana mtoto mkononi. Na yule mtoto ni wangu. Nilimzaa mimi. Yeye ana mkono wake, na mimi nina nini? Jina. Nina jina ambalo watu wananiita sokoni."

Kiyoyozi kilivuma.

Dokta Nyamizi alisogeza kiti. Alikuwa amechoka, na Eliwaza aliona kwamba naye alikuwa hajalala vizuri. "Eliwaza. Kamati haitaki kukuharibia maisha. Umevunja Kiapo, umemweka mtoaji hadharani, na familia imekosa kitu walichokihitaji. Ukiomba radhi kwa chuo na kwa mama huyu, utasimama masomo muhula mmoja, kisha utarudi. Usipoomba, unaondoka moja kwa moja, na hakuna skuli ya usanifu itakayokupokea. Fikiri kabla hujajibu."

Eliwaza alifungua mdomo.

"Ngoja kwanza," alisema Mama Sayi. Kwa mara ya kwanza alimgeukia. Macho yake yalikuwa makavu, makali. "Kabla hujaniomba chochote. Wewe ulikuwa mle ndani ya mkono wake?"

"Ndiyo, mama."

"Mkono wa mwanangu ulikuwa wa baridi?"

"Mama," Dokta aliingilia haraka, "hilo hawezi kulijibu. Kiapo bado kinamfunga. Eliwaza, ukijibu hapa mbele ya kamati, hakuna tena cha kujadili. Sitaweza kukusaidia. Unanisikia?"

"Nakusikia, Dokta."

Mama Sayi hakuondoa macho. "Waliniambia maji yalikuwa ya baridi sana siku ile. Kila mtu alisema, maji yalikuwa ya baridi. Mimi kila siku naoga maji ya baridi ili nijue. Nakuuliza wewe uliyeushika. Ulikuwa wa baridi?"

Kulikuwa na mwaka mzima wa masomo uliobaki. Kulikuwa na mama yake Eliwaza huko Iramba, aliyeweka picha ya binti yake akiwa na Vazi sebuleni ambako kila mgeni angeiona. Kulikuwa na yule mama asiye na pa kuweka jiko. Vyote hivyo vilikuwa chumbani, na Eliwaza alivitazama kimoja kimoja.

"Wa moto, mama," alisema. "Ulikuwa wa moto, una jasho. Ulikuwa umeshika na wenyewe, haukuwa umeshikwa tu. Na kidole gumba alikuwa amekificha ndani ya vidole vingine."

Mama Sayi alitoa sauti ndogo. Aliinua mkono wake wa kulia, akaukunja taratibu mbele ya uso wake, kidole gumba ndani, vidole vinne juu yake, kama mtoto anayeogopa kuvuka barabara. Akaitazama ile ngumi yake.

"Nilikuwa namchapa kwa hilo," alisema. "Nilikuwa namwambia, kidole hicho kitavunjika."

Mjumbe wa kulia aliangalia dirishani. Dokta Nyamizi alikuwa amevua miwani, na hakuivaa tena.

"Sijakusamehe," Mama Sayi alimwambia Eliwaza, ngumi bado iko juu. "Usidhani nimekusamehe. Kesho asubuhi nitamfunga vifungo, na nitakulaani kila kifungo."

"Sawa, mama."

Mlangoni mama alisimama, mkoba kwapani, mkono bado umekunjwa. Hakuaga mtu. Mlango ulijifunga nyuma yake, na Dokta akasubiri mpaka nyayo zikapotea kwenye korido.

"Umejibu," alisema.

"Nimejibu."

"Ulijua."

"Nilijua."

"Kwa ajili ya kumbukumbu za kamati, ni lazima nikuulize hata sasa." Sauti ya Dokta ilikuwa imekwaruza. "Je, unaomba radhi?"

Eliwaza aliutazama mkono wake wa kushoto juu ya meza. Ulikuwa mzima, wake mwenyewe, umelegea, hauna kitu. Aliukunja polepole, kidole gumba nje, kama anavyokunja yeye.

"Mkono ule ungemfaa sana, Dokta, na nitaumia kwa hilo kila nikimwona mtu anapiga randa," alisema. "Lakini radhi siombi."

"Kwa mama yule?"

"Siombi."

"Kwa skuli hii?"

"Siombi."